Mtani Wangu kwenye Makaburi ya Wafalme

Vijana mliobaki kwenye karakana ya maji pale Handeni mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimekubali, ingawa nashuku kwamba mnachotaka hasa ni kujua zile spana kubwa za bomba zilikwenda wapi. Hilo silijui. Nitaandika ninayoyajua.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo nilivyopata ni vile anavyopata mtu yeyote akikaa mahali pamoja muda mrefu huku wenzake wakihamishwa.

Niliajiriwa muda mfupi baada ya Uhuru, nimetoka sekondari, nina shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Nilitarajia meza. Nikapelekwa kwa Fundi Kibwana, mzee mfupi aliyekuwa akiendesha injini ya kusukumia maji ya mji, na yeye hakunipa hata kiti. Alinipa bisibisi ndefu, akaniambia nigusishe ncha yake kwenye injini na mpini niuweke sikioni, kisha nimwambie ninachosikia. Nikasema nasikia ngurumo. Akasema hiyo hata mbuzi wake anaisikia. Zilipita wiki nyingi ndipo nikaweza kutofautisha mlio wa beringi nzima na mlio wa beringi inayokaribia kufa.

Fundi Kibwana ndiye aliyenifundisha kufunga bomba. Siku hizi mna utepe mweupe wa plastiki. Sisi tulizungushia nyuzi za katani kwenye meno ya bomba, tukapaka rangi ya mafuta juu yake, ndipo tukakaza. Katani ikilowa inavimba na kuziba. Akimaliza kukaza alikuwa akipitisha kiganja chini ya kila kiungo, hata kile kilichoonekana kikavu kabisa, kisha anakiangalia kiganja. Alisema nisiiamini geji inayopima nguvu ya maji, nisimwamini fundi aliyenitangulia, na kiungo ambacho sikukikaza mwenyewe nikihesabu kuwa kinavuja mpaka kinionyeshe vinginevyo.

Mafunzo hayo yamenisaidia mno, na nawasihi myafuate. Shida yangu ni kwamba nilipofunga karakana jioni sikuyaacha humo ndani. Niliondoka nayo, nikawa napitisha kiganja hata chini ya watu.

Mwenzangu wa kazi kwa miaka ile alikuwa Maganga. Baba yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge kwenye shamba moja la Korogwe, akasema atakaa msimu mmoja, akazikwa huko huko. Maganga alizaliwa kambini. Alibatizwa Mkatoliki, alizungumza Kishambaa na akina mama walioteremsha mboga kutoka Vugiri, na Kizigua alikiweka akiba kwa ajili ya kunitukana mimi. Mimi ni Mzigua wa Mazingara, Mwislamu, na ninyi mnajua kwamba Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Au labda hamjui. Siku hizi mnadhani utani ni kuchekana tu.

Mtani ana haki zake. Anaweza kuingia kwako akakamata jogoo, nawe ukamkimbiza huku unacheka. Ukifiwa, anakuja msibani akiwa amevaa kanzu kinyumenyume, anamlaumu marehemu kwa uchoyo, anaingia kaburini na kulala humo, anasema hatoki mpaka apewe haki yake. Yale ambayo ndugu hawawezi kuyatamka yeye anayatamka, na watu waliokuwa wanalia wanacheka. Na kuna sharti moja tu: maneno ya mtani hayapelekwi barazani. Hata akuite mwizi mbele ya mkweo, humshtaki. Ukimshtaki umeukata utani, na aliyeukata hajui pa kuuanzia tena.

Ilipofika miaka ya kuhamia vijijini, kazi yetu iligeuka kichwa chini miguu juu. Zamani tulitafuta maji kwanza, watu wakafuata. Sasa watu walishushwa na malori kwanza, na sisi tukaambiwa tuwatafutie maji pale pale waliposhushwa. Kijiji kimoja, ambacho sitakitaja kwa kuwa wajukuu wa wale watu wanaishi humo, kilichimbiwa kisima kirefu. Maji yalipotoka akina mama walipiga vigelegele. Nilikinga kiganja nikaonja. Yalikuwa ya chumvi.

Alikuwapo mkubwa mmoja aliyetoka mkoani, amesimama kando na kofia mkononi. Akauliza kama yanakunywika. Maganga, aliyekuwa ameonja kabla yangu, akatema na kusema, "Mkubwa, huu ni mchuzi tayari. Bado samaki tu." Mkubwa alicheka kidogo, kisha akanigeukia mimi niliyesoma. Nyumba zilikuwa zimekwisha kuezekwa na yale malori yalikuwa yamekwisha kuondoka. Nikasema yanakunywika.

Haukupita muda wale akina mama walirudi kwenye lambo lao la zamani, mwendo wa kutoka alfajiri hadi jua kuwa kali, na kile kisima kikabaki cha kufulia nguo ambazo hata sabuni haikutoa povu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Maganga peke yake ndiye aliyenikumbusha, kila tulipokunywa chai. Alikuwa ananiuliza kwa upole, "Mzigua, chumvi imetosha?" Ilikuwa haki yake. Nami nilicheka, ila nilicheka kwa meno tu.

Kwa hiyo zilipokuja nafasi mbili za kwenda kusomea pampu Stockholm, kwa wale watu wa kaskazini waliokuwa wakitusaidia mambo ya maji, tukachaguliwa mimi na Maganga, moyo wangu haukutulia. Mimi niliwekwa kiongozi wa msafara. Msafara wenyewe ulikuwa yeye. Kabla ya kuondoka katibu wa tawi la Chama aliniita peke yangu. Akaniambia hakuna Mzungu anayetoa pampu bure, kwa hiyo nisikilize vizuri wanachouliza. Halafu akaniambia nimwangalie na mwenzangu, maana mtu aliyezaliwa kambini hana kwao pa kurudi. Nilitakiwa kumwambia kwamba kwao Maganga ni Korogwe, kama kwangu kulivyo Mazingara. Nikaitikia tu, nikatoka nje nimebeba maneno yale.

Tulifika miezi ya mwisho wa mwaka, jua linatua wakati sisi huku ndiyo kwanza tunarudi shambani baada ya chakula cha mchana. Masomo yalikuwa mazuri. Pampu zilipangwa juu ya meza, safi kama vyombo vya harusi, unafungua na kufunga bila tone la matope. Mwalimu aliponiona naweka bisibisi sikioni aliita wenzake waje kutazama, na mpaka leo sijui kama walikuwa wananisifu au wananishangaa.

Siku za mapumziko tulikabidhiwa kwa Bi Karin, mama wa makamo aliyewahi kufundisha wauguzi huko Singida. Kiswahili chake kilikuwa sahihi na cha polepole, kama cha kitabu. Yeye ndiye aliyetutembeza mjini. Na mahali pa kwanza alipotupeleka palikuwa kanisani.

Lilikuwa kanisa kubwa la zamani, jirani kabisa na jumba la mfalme. Mlangoni niliinama nivue viatu, kwa kuwa nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada. Bi Karin akasema hakuna haja. Hapo hapo nikaanza kushuku. Niliingia na viatu vyangu vyenye theluji, najiona nimetegwa kosa. Ndani kuna sanamu kubwa ya mbao, mpanda farasi anamchoma joka, na joka limechongwa kwa pembe na magamba hata unaogopa kulipa mgongo. Maganga alilizunguka, akalitazama mdomoni, kisha akaniambia kwa Kizigua kwamba wamemchonga babu yangu, hata meno ni yale yale.

Nilikuwa natazama viti. Vilikuwa vitupu. Watu waliokuwamo walikuwa wageni kama sisi, wanaangalia dari. Hakuna aliyekuwa anasali. Nikajiuliza kanisa lisilo na waumini linafanya kazi gani, na kwa nini Mwislamu kutoka Handeni aletwe kuliona. Tulipotoka nilimuuliza Bi Karin kwa nini makanisa. Alisema ndizo nyumba zao za zamani zilizobaki, na kwamba mtu akitaka kumwonyesha mgeni alikotoka yeye anamwonyesha nyumba ya zamani. Jibu hilo leo naliona zuri. Siku ile niliona amelitoa haraka mno.

Wiki iliyofuata ilikuwa jumba la mji, la matofali mekundu, lipo ukingoni mwa maji na mnara wake una taji tatu juu. Humo alituingiza kwenye ukumbi mkubwa alioutaja kuwa Ukumbi wa Bluu. Niligeuka pande zote. Hapakuwa na bluu. Matofali yote mekundu, kama udongo wa Korogwe. Bi Karin akaeleza kwamba fundi mkuu alikusudia kuupaka bluu, lakini alipoyaona matofali yalivyopendeza akayaacha, na jina lilikuwa limekwisha kuzoeleka. Maganga akasema, kwa Kiswahili safari hii, kwamba kumbe na huku kuna vitu vya kunywika kwa jina.

Bi Karin aliuliza ana maana gani. Nikamwambia ananitania tu, sisi ni watani. Akaitikia kwa kichwa na tukaendelea. Naomba mkumbuke kwamba neno hilo nilikuwa nalo mdomoni na nililitoa bila kuvuja jasho.

Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuhesabu. Kwa nini aliseme lile neno mbele ya mgeni, na kwa lugha anayoielewa? Jumapili Maganga aliaga kwamba anatembea, akatoka. Nikamfuata. Alipita kwenye vichochoro vyembamba vya mji wa kale, nami nyuma yake nikijibanza kwenye milango ya maduka yaliyofungwa, mpaka akaingia kwenye kanisa waliloliita la Wajerumani. Nilijua kwamba si la Kikatoliki. Nikasimama ng'ambo, kwenye baridi ambayo siwezi kuieleza kwa mtu wa Handeni. Masikio yaliuma, kisha yakaacha kuuma, na hilo la pili ndilo lililonitisha. Nikasogea nikachungulia. Maganga alikuwa amekaa pembeni karibu na bomba la joto, kofia imemfunika macho, amelala fofofo.

Alipotoka alimshika mkono mzee aliyekuwa mlangoni, wakacheka pamoja. Halafu akaniona. Akatazama viatu vyangu, akaelewa. "Umesimama huku wakati wote huo, Mzigua? Si ungeingia. Kuna joto la bure."

Mtu mwenye akili timamu angeishia pale, acheke, akanywe kahawa. Mimi njia nzima nilikuwa nawaza amecheka nini na yule mzee, na wamecheka kwa lugha gani.

Safari ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Bi Karin alitupeleka kuona meli ya vita ya mbao, inaitwa Vasa. Ilizama zaidi ya miaka mia tatu nyuma, ikaja ikaibuliwa nzima, na wakati ule walikuwa bado wanainyunyizia dawa ili mbao zisipasuke. Unapita kwenye ukumbi wenye ukungu na harufu ya dawa, na ubavuni mwako kuna kitu cheusi, kirefu kuliko karakana yetu mara nyingi, kimejaa simba wa kuchonga. Fundi yeyote angesimama. Nilisimama.

Bi Karin akasimulia. Mfalme alikuwa vitani nje, anataka meli yake upesi, tena yenye mizinga mingi. Kabla haijaondoka walifanya jaribio: wanamaji wakakimbia pamoja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Meli ikayumba vibaya hata mkuu wao akaamuru waache kukimbia. Kila aliyekuwapo akajua kwamba meli haifai. Hakuna aliyemwambia mfalme. Ikang'oa nanga, upepo mdogo ukaipiga, ikazama hapo hapo bandarini watu wakiitazama. Baadaye kukawa na baraza la kutafuta mwenye kosa, na hakupatikana.

Alimaliza, akanitazama. Labda alitazama tu ilipokuwa sura yangu. Niliuona ule mdomo wa kisima, vigelegele, na yule mkubwa na kofia yake. Nikasema moyoni, huyu mama anajua. Nani amemwambia? Na jibu lilikuwa limesimama kando yangu, mikono mfukoni, linatikisa kichwa kwa masikitiko na kusema kwamba wale mabwana wangepewa kisima kimoja tu cha Handeni wangejua kunyamaza ni nini.

Kuanzia siku ile nilifunga pasi zetu zote mbili za kusafiria kwenye sanduku langu, ufunguo nikauvaa shingoni. Nilimweleza kwamba ni utaratibu wa viongozi wa misafara.

Ndipo tukaenda kwenye kanisa la makaburi ya wafalme. Liko kwenye kisiwa kidogo pale pale mjini, na kilele cha mnara wake ni cha chuma, kimetobolewatobolewa kama kapu, mbingu inaonekana kupitia humo. Hawasali humo siku za kawaida. Sakafu ni mawe ya makaburi na unatembea juu ya majina ya watu, jambo ambalo lilinifanya nikanyage kwa vidole. Pembeni kuna vyumba vyenye majeneza ya mawe, na Bi Karin akatuonyesha moja akasema huyu ndiye mfalme aliyeiagiza ile meli.

Sasa mtani wa watu, aliyeachwa miezi bila msiba hata mmoja, amepata makaburi ukumbi mzima. Maganga alivua kofia. Akalisogelea lile jeneza kwa heshima zote, akainama. "Shikamoo mzee. Meli yako tumeiona. Imepatikana, usiwe na wasiwasi."

Nilihisi kicheko kinanipanda, na kama ningekiachia nisingekuwa naandika haya. Bi Karin alitabasamu kidogo, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Maganga akakaa kwenye ngazi ya mawe, akakunja mikono, akasema yeye haondoki hapo mpaka apewe haki yake, ametoka Korogwe, ni mbali. Mpaka hapo alikuwa anafanya kile ambacho baba yake na babu yake walikifanya kwenye kila kaburi la Mzigua. Halafu akanigeukia mimi.

"Rudi peke yako, Mhando. Mimi nabaki hapa kwa huyu mfalme. Kamwambie katibu wako nimepata mkubwa ambaye maji yake hayana chumvi."

Alisema "katibu wako". Nilidhani habari ya kuitwa peke yangu ni siri yangu, kumbe karakana nzima ilikuwa inaijua. Na alikuwa ameitaja chumvi, kwa Kiswahili, mbele ya yule mama. Tulitoka. Maganga alitangulia kwenda kulitazama ziwa linalokizunguka kile kisiwa, anapiga mluzi. Bi Karin alibaki nami mlangoni, akavaa glavu zake polepole.

"Bwana Mhando," akaniuliza, "mwenzako anataka kubaki kweli? Kama ni kweli kuna utaratibu wake. Lazima niwaambie wenzangu ofisini."

Alikuwa anauliza kwa nia njema, sasa najua. Neno la kumjibu lilikuwa lile lile nililomjibu kwenye ule ukumbi mwekundu. Nilimtazama Maganga kule mbele, nikaiwaza chai nitakayokunywa naye maisha yangu yote.

Nikasema, "Sijui."

Siku chache baadaye alikuja mtu wetu wenyewe, Mtanzania mwenye ofisi mjini pale, amevaa koti zuri. Alinikalisha peke yangu. Akaniuliza Maganga alisema nini kule kanisani. Nikamwambia, neno kwa neno, kuanzia rudi peke yako mpaka chumvi. Sikuongeza hata nukta. Akauliza kama ana tabia ya kutoka peke yake. Nikasema ndiyo, na kwamba nimewahi kumfuata. Akauliza kama alishawahi kukejeli mambo ya vijiji. Nikamweleza habari ya mchuzi na samaki. Yote yalikuwa kweli. Nilichokiacha ni kimoja tu, kwamba huyu ni mtani wangu, na bila hicho maneno yale yalikuwa kama bomba ulilolikaza bila katani. Linaonekana limefungwa, na linamwaga kila kitu.

Maganga alirudishwa nyumbani kabla hatujafika sehemu ya pampu za visima virefu, ile aliyokuwa akiingojea. Asubuhi ya kuondoka alisimama kwenye ukumbi wa bweni na sanduku lake, yule bwana wa koti anamsubiri garini. Alikuwa bado anatabasamu. Alidhani nimelipiza, na kwamba sasa nitafika mwisho wa mzaha.

"Haya, Mzigua, umenikomesha. Waambie basi kuwa ni utani."

Nikamwambia gari linamsubiri. Nikavua ufunguo shingoni, nikafungua sanduku, nikampa pasi yake. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilitoka polepole, jinsi geji inavyoshuka ukifunga maji.

Niliporudi Handeni na cheti changu, jina lake lilikuwa limeondolewa karakanani. Alikwenda kwenye lile lile shamba la mkonge alikozikwa baba yake, akawekwa kwenye mashine ya korona inayokwangua majani kutoa katani. Ni kazi ya kelele na ya majimaji yanayochubua ngozi. Nyuzi tulizofungia mabomba yetu kwa miaka iliyofuata zilitoka mashamba ya upande ule. Sikuweza kuzishika bila kufikiri labda zimepita mikononi mwake.

Mnajua kazi zilizofuata, wengine mlinikuta nazo: mabomba ya Mazingara, mashine iliyoungua mara mbili, ule mserereko wa maji yanayoshuka yenyewe bila pampu kutoka milima ya Kwashemshi, tuliougombania na mvua kwa misimu mitatu. Kile kisima cha chumvi nilikiandikia ripoti ya kweli hatimaye, watu wakavutiwa maji ya mto. Ilikuwa imechelewa sana. Mkiletewa kisima kipya, onjeni wenyewe, asubuhi, kabla hamjanywa chai, na mkiulizwa semeni kile ulimi ulichosema.

Miaka mingi baada ya safari ile, fundi mmoja kijana alipelekwa Stockholm kwenye mafunzo kama yetu. Aliporudi alikuja kunisalimia, akaanza kunisimulia habari ya meli nyeusi, na jaribio la wanamaji, na mfalme ambaye hakuambiwa. Alisimulia vile vile, mpaka pale baraza lilipokosa mwenye kosa. Nikamuuliza nani amemwambia. Akashangaa. Alisema kila mgeni anasimuliwa hiyo, imeandikwa hata ukutani. Kumbe Bi Karin alinisimulia kama anavyosimuliwa kila mgeni, na Maganga hakuwa amemwambia kitu.

Nilijua ninakotakiwa kwenda. Kutoka Handeni mpaka Korogwe si safari. Sikwenda. Nilikuwa nimejiwekea tumaini moja, nalo naliandika hapa ingawa ni la aibu. Nilijiambia kwamba Maganga ni mtani, na mtani hata akichukia namna gani, msiba unamleta. Siku nitakayofiwa atakuja, ataniaibisha mbele ya ukoo mzima, atasema "Sijui" kwa sauti yangu mpaka watu washike mbavu, na itakuwa imekwisha.

Mama yangu alifariki mwaka juzi, Mazingara. Nilituma mtu Korogwe siku ile ile. Nikamwambia mwanangu akamate jogoo mkubwa, amfunge miguu, amweke nyuma ya nyumba, na asimchinje kwa sababu yoyote.

Maganga alikuja. Nilimwona tangu mbali, amezeeka, amevaa kanzu safi aliyoazima kwa heshima ya msiba wetu, imevaliwa sawasawa. Wazee wa kwetu wanaojua mambo walianza kunong'onezana kwamba mtani amefika, na wachimbaji wakaliacha kaburi wazi kidogo, wakasimama kando na majembe yao. Wakamwachia nafasi.

Akanijia, akanipa mikono yote miwili. "Pole sana, Bwana Mhando. Mungu amweke mama mahali pema."

Nikamwambia ahsante. Nilisubiri. Alisogea akaenda kusimama kwenye safu pamoja na wageni wengine, mikono mbele. Watu walitazamana. Mmoja wa wachimbaji alikohoa. Baadaye imamu akasema tuendelee, tukaendelea. Zamu yake ilipofika alichota udongo kwa kiganja, akaumwaga taratibu, akampisha aliyemfuata. Hakula. Alisema gari la kurudi Korogwe halisubiri, akawaaga akina mama mmoja mmoja, akawaita wote mama.

Tulipokuwa tunakunja mikeka, mjomba wangu, ambaye macho yake yamepungua, aliniuliza yule mgeni mwenye adabu sana alikuwa ni nani.

Nikamwambia ni mtu niliyewahi kufanya naye kazi.